Maswali ya Wasomaji: Kwa nini jembe huuma kwa baridi lakini mpini hauumi?

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii tangu baridi ianze zimehusu joto na umeme, na nyingine zimeuliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua sita ambazo majibu yake yanashikana, na ninawaomba wasomaji wanaopenda kuruka moja kwa moja hadi swali lao wasome kwanza jibu la swali la mwanzo, kwa sababu mengine yote yameegemea hapo.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa Njombe. Asubuhi za Juni na Julai nikilishika jembe kwenye chuma, baridi yake inaniuma hadi mifupani, lakini nikishika mpini siioni baridi hiyo. Jembe zima limelala nje usiku kucha. Inakuwaje kitu kimoja kiwe cha baridi upande huu na kisiwe cha baridi upande ule?

JIBU: Marahaba. Ukweli ni kwamba chuma cha jembe lako na mpini wake vina baridi ileile. Vimelala pamoja katika hewa moja, na kama ungevigusisha kipimajoto kabla jua halijachomoza, ungesoma kiwango kimoja pande zote mbili, tuseme nyuzi 8. Kinachotofautiana ni kasi ambayo kila kimoja kinalichukua joto la mkono wako.

Kiganja cha mtu mwenye afya huwa na joto la nyuzi 30 hivi au zaidi kidogo. Kikigusa kitu cha nyuzi 8, joto huanza kuhama papo hapo kutoka kiganjani kwenda kwenye kile kitu, kwa sababu joto sikuzote hutoka palipo na moto zaidi kwenda palipo na moto pungufu. Joto likiingia kwenye chuma halikai pale ulipogusa, bali husambaa haraka kwenye bapa lote la jembe, hivi kwamba mahali ulipogusa hubaki baridi na kuendelea kukunyonya joto. Kwenye mpini mambo ni mengine: joto linaloingia hukwama juujuu, tabaka jembamba la mti lililo chini ya vidole vyako hupata joto baada ya muda mfupi sana, na kuanzia hapo mkono wako haugusi tena mti wa nyuzi 8 bali mti ambao umekwisha kuupasha wewe mwenyewe. Chuma cha pua cha kawaida hupitisha joto takriban mara 300 kuliko mti mkavu.

Jambo ambalo ningependa lishikwe hapa ni kwamba mkono si kipimajoto. Mkono hauhisi kitu kina joto kiasi gani, bali huhisi joto linaingia au kutoka kwa kasi gani. Ndiyo maana sakafu ya saruji huonekana baridi kuliko mkeka uliotandikwa juu yake, ingawa vyote viwili vimo katika chumba kimoja.

Kwa asiyeamini, nina jaribio ambalo nimelifanya na wanafunzi mara nyingi na halijawahi kuniangusha. Pindua sufuria nzito ya alumini, weka pembeni yake kibao cha kukatia mboga, kisha waulize walio nyumbani kipi ni cha baridi zaidi. Wote watasema sufuria. Sasa waulize kipande cha barafu kitayeyuka haraka juu ya kipi. Wengi watasema juu ya kibao, maana wamekwisha kukubaliana kwamba sufuria ni ya baridi. Weka vipande viwili vilivyo sawa, kimoja huku na kimoja kule. Kile cha juu ya sufuria kitaanza kutoa maji karibu mara moja na kitakwisha mapema, huku cha juu ya kibao kikiwa bado kimekaa na pembe zake. Alumini ilionekana baridi kwa sababu ilikuwa ikichukua joto la mkono kwa kasi, na kwa kasi hiyohiyo sasa inalipeleka joto lake kwenye barafu.

SWALI: Nina mgahawa mdogo Morogoro. Nilinunua sufuria ya stenlesi kwa bei kubwa, lakini maharage yanaungua chini pale katikati, wakati sufuria zangu za zamani za alumini hazikuwa na tabia hiyo. Je, nimeuziwa sufuria mbovu?

JIBU: Hapana mama, hukuuziwa sufuria mbovu, ila huenda umeuziwa nyembamba. Stenlesi haishiki kutu, ni ngumu na husafishika vizuri, na hizo ni sifa za kweli. Lakini katika kupitisha joto, stenlesi ni mvivu kuliko madini yote yanayotumika jikoni. Tukichukua kipimo ambacho wanasayansi hukitumia, yaani wati kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, shaba nyekundu hupata takriban 400, alumini 235, chuma kitupu 80, na stenlesi 15 tu. Maana yake ni kwamba ulimi wa moto ukigonga katikati ya kitako cha alumini, joto hukimbilia pembeni na kitako chote hupata moto unaokaribiana. Ukigonga kitako chembamba cha stenlesi, joto hubaki palepale lilipogongwa na kupanda moja kwa moja hadi kwenye maharage yaliyo juu yake.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Nyunyiza unga wa ngano kiasi cha kufunika kitako cha sufuria ikiwa kavu, kisha iweke juu ya moto mdogo wa gesi. Katika stenlesi nyembamba utaona pete ya hudhurungi ikijichora mahali hasa pa matundu ya jiko, na unga wa pembeni ukibaki mweupe. Katika alumini nene unga utabadilika rangi karibu wote kwa pamoja. Watengenezaji wanalijua tatizo hili, na ndiyo sababu sufuria nzuri za stenlesi huwa na kitako kinene kilichobandikwa bamba la alumini au la shaba katikati. Ukienda dukani tena, usitazame mng'aro. Itazame sufuria kwa ubavuni uone kama kitako kina tabaka la ziada, na uipime uzito mkononi. Hiyo uliyo nayo sasa itakufaa sana kwa chai, kwa supu na kwa kuchemsha maji, kwa sababu maji yenyewe huzunguka na kulisambaza joto.

Uliuliza pia, chini ya barua yako, kwa nini kitambaa cha kuepulia sufuria humuunguza mtu kikiwa kimelowa. Swali hilo ni zito kuliko la sufuria, na ninakushukuru kwa kuliuliza. Kitambaa kikavu hukukinga kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake kuliko kwa sababu ya pamba yenyewe, kwani hewa iliyotulia ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kwa shida kabisa. Kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Joto la ukingo wa sufuria hufika vidoleni kabla hujaifikisha sufuria mezani, na wakati huo unakuwa umeinua lita kumi za mchuzi unaochemka. Kila anayepika katika mgahawa wako awe na vitambaa viwili vya kuepulia, na kile kilicholowa kianikwe kwanza.

SWALI: Chupa ya chai inajuaje kwamba kilichomo ni cha moto kikae cha moto, na kilicho baridi kikae baridi?

JIBU: Haijui. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Ndani yake mna kuta mbili za kioo au za chuma, na katikati ya kuta hizo hewa imeondolewa, hivyo hakuna kitu cha kulibeba joto kutoka ukuta hadi ukuta. Mng'aro kama wa kioo cha kujitazamia uliopakwa ndani huzuia joto lile linalosafiri kama mwanga. James Dewar wa Uingereza ndiye aliyeibuni mwaka 1892, akitaka kuhifadhi hewa iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yaani kitu cha baridi sana. Ukiona chupa yako ya kioo haitunzi tena joto ingawa haivuji, tazama ile ncha ndogo ya kioo iliyo chini kwa ndani: ikimeguka, hewa huingia na chupa huwa imekwisha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Shinyanga. Tumefundishwa kwamba metali hupitisha joto na umeme, na mbao na plastiki havipitishi vyote viwili. Je, naweza kuandika kwenye mtihani kwamba kila kipitishi kizuri cha joto ni kipitishi kizuri cha umeme?

JIBU: Marahaba mwanangu. Andika kwamba kwa metali ni hivyo, usiandike kwamba ni hivyo kwa kila kitu. Na wewe uliyeko Shinyanga una kitu karibu na kwenu kinachoikataa kanuni hiyo waziwazi, nacho nitakitaja baada ya kueleza kwa nini metali ziko hivyo.

Ndani ya metali, baadhi ya elektroni, yaani zile chembe ndogo mno za atomu zenye chaji ya umeme, haziko chini ya mamlaka ya atomu moja, bali zinazurura katika kipande chote. Ukiunganisha ncha za waya kwenye betri, elektroni hizo husukumwa upande mmoja, nao ndio mkondo wa umeme. Ukipasha moto ncha moja ya waya, elektroni zilezile hupata nguvu pale penye moto, hukimbia na kuzigonga nyingine zilizo mbele, na kwa njia hiyo hulisafirisha joto. Mbebaji ni mmoja na mizigo ni miwili. Kwa hiyo metali inayozipa elektroni zake njia iliyo wazi hufaulu katika yote mawili, na mpangilio haubadiliki: fedha huongoza katika joto na katika umeme, shaba hufuata, kisha dhahabu, kisha alumini. Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, walionyesha mwaka 1853 kwamba katika metali mbalimbali uwiano wa sifa hizi mbili hukaribia kuwa mmoja zikiwa katika joto lilelile, na hapo hakuna aliyekuwa ameigundua elektroni. Mimi bado huona ajabu kila ninapolifikiria hilo.

Lakini joto lina njia ya pili ya kusafiri, ambayo umeme hauna: mtikisiko wa atomu zenyewe. Atomu iliyopashwa moto hutikisika, huitikisa jirani yake, na jirani huitikisa inayofuata. Katika mbao na plastiki atomu zimeshikana ovyo, na mtikisiko hupotea njiani. Katika almasi zimeshikana kwa nguvu na kwa mpangilio ulionyooka kabisa, hivyo mtikisiko hupita kama sauti ya kengele. Almasi, ambayo mwanajiolojia John Williamson aligundua mgodi wake pale Mwadui, mkoani kwenu Shinyanga, mwaka 1940, hupitisha joto takriban mara 5 kuliko shaba, na hali haipitishi umeme wa kutajika, kwa kuwa haina elektroni zinazozurura. Wafanyabiashara wa vito huitumia sifa hiyo: wana kifaa kama kalamu chenye ncha ya moto, na wakiigusisha kwenye jiwe hutazama ncha inapoa kwa kasi gani. Kioo kilichochongwa kikafanana na almasi hujulikana mara moja. Liko jiwe moja la kutengenezwa, moisanaiti, ambalo nalo hupitisha joto vizuri mno kiasi cha kuweza kukidanganya kifaa hicho, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu haridhiki na kipimo kimoja.

Mfano wa pili uko jikoni kwenu. Koili ya birika la umeme ina waya wa nikeli na kromiamu ndani ya bomba la chuma, na kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa magnesia. Unga huo umechaguliwa kwa sababu hulipitisha joto na huuzuia umeme, na bila kitu chenye tabia hizo mbili kwa pamoja tusingeweza kuchemsha maji kwa umeme kwa usalama. Katika pasi za zamani kazi hiyohiyo ilifanywa na vipande vya ulanga, yale mawe yanayobanduka kama karatasi zinazong'aa. Ulanga hauogopi moto, na ukiwa mwembamba huliruhusu joto lipenye lakini umeme haupiti.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi hosteli Mombasa. Mhadhiri wetu alisema maji safi hayapitishi umeme. Wenzangu wamelichukua hilo na sasa wanaingiza mkono kwenye ndoo kupima kama maji yamepata moto, huku hita ikiwa bado imechomekwa. Mimi naogopa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhadhiri wenu alisema kweli, wewe pia uko sahihi kuogopa, na wenzako wako katika hatari ya kufa. Ninaliandika neno hilo kwa makusudi.

Maji ambayo mhadhiri aliyazungumzia ni yale yaliyosafishwa maabara hadi hayana chumvi hata chembe. Ndani ya maji, umeme haubebwi na elektroni zinazozurura bali na ayoni, yaani chembe zenye chaji, na ayoni nyingi hutoka kwenye chumvi na madini yaliyoyeyuka humo. Maji ya bahari hupitisha umeme karibu mara milioni moja kuliko maji yaliyosafishwa kabisa. Maji ya bomba yako katikati ya hayo mawili, na ya visima vya pwani, ambayo mengi yana ladha ya chumvi, huelekea upande wa bahari. Katika ndoo ya hosteli hamna maji ya maabara, na hata kama mngeyatia humo, sabuni na jasho la mkono wa kwanza vingeyaharibu.

Tena maji ya ndoo ni nusu tu ya hatari. Nusu ya pili ni ngozi. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, yaani huuzuia sana umeme usipite, na ukinzani huo unaweza kufika makumi ya maelfu ya omu, ambacho ndicho kipimo chake, lakini ikilowa, ukinzani wa mwili mzima kutoka mkono hadi mguu unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa omu 1,000 na utapata mkondo wa ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo wa miliampea 1 mtu huusikia kama kutekenywa. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono hujikaza na mtu hushindwa kuachia. Na kuanzia makumi ya miliampea, mkondo ukipita kifuani kwa muda usio mrefu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kuvaa ndala husaidia zikiwa kavu, lakini sakafu ya bafuni haiwi kavu wakati wa kuoga, na ukuta au bomba la chuma likiguswa na mkono wa pili, ndala hazina kazi tena.

Wenzako watasema wamefanya hivyo mwaka mzima bila kudhurika. Wamesalimika kwa sababu lile bomba la hita na ule unga wa magnesia niliouzungumzia kwenye jibu lililotangulia bado ni vizima. Hita ya bei rahisi ikiwashwa nje ya maji mara moja tu, bomba huweza kupata ufa usioonekana; maji hupenya, unga huyanywa, na kuanzia siku hiyo ndoo nzima imeungana na waya wa umeme. Hakuna dalili itakayoonekana juu ya maji. Utaratibu ni mmoja: zima swichi, chomoa plagi kwenye soketi, toa hita, ndipo upime maji. Na uombe uongozi wa hosteli ufunge ile swichi ya kinga inayokata umeme yenyewe mkondo unapovuja, iliyopangwa kukata kwenye miliampea 30, kwa sababu ile breka ya kawaida haikusudiwi kumlinda mtu bali kuzilinda nyaya, na haitashtuka kwa mkondo unaotosha kuua.

SWALI: Nyaya zinazokuja nyumbani kwangu kutoka kwenye nguzo ni za alumini, lakini fundi aliniambia ndani nitumie shaba pekee. Kama alumini inatosha kwa shirika la umeme, kwa nini isitoshe kwangu? Na kwa nini soketi moja ya sebuleni inapata moto?

JIBU: Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba yenye unene uleule, lakini uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wa shaba. Kwa hiyo kilo moja ya alumini hufanya kazi ya kilo mbili za shaba, na kwa waya unaoning'inia kutoka nguzo hadi nguzo, wepesi ni faida kubwa kuliko wembamba. Ndani ya nyumba waya hauning'inii. Unapita kwenye mabomba membamba na kubanwa kwa skurubu ndogo, na huko alumini ina udhaifu mkubwa. Ikikutana na hewa hujifunika mara moja utando mwembamba wa oksidi usiopitisha umeme, na ikibanwa kwa muda mrefu hulainika na kulegea. Ikisokotwa pamoja na shaba na kuzungushiwa utepe, kama mafundi wengine wanavyofanya, mahali pale huliwa polepole, hasa penye unyevu. Pale ambapo ni lazima vikutane, kama vile kwenye nguzo au kwenye mita ya umeme, hutumika kiungio maalumu kilichotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili.

Kuhusu soketi yako: umeme ukipita mahali penye ukinzani huzaa joto, na joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiwa mara mbili joto huwa mara nne. Skurubu iliyolegea haigusani na waya wote bali vipele vichache tu vya metali, na mkondo mzima hulazimika kupita hapo. Plastiki inayozunguka ni kihami kizuri, yaani kizuizi, cha umeme na cha joto pia, kwa hiyo joto linalozaliwa halina pa kwenda. Itazame soketi hiyo kwa makini mchana: ikiwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, au ikiwa inanuka kama plastiki iliyoungua ukichomeka pasi, usiendelee kuitumia hata kwa kuchajia simu. Zima swichi kuu, mwite fundi aifungue, akate ncha ya waya iliyoungua hadi afikie shaba inayong'aa, aweke soketi mpya na aikaze kila skurubu. Mwambie pia afungue soketi nyingine zilizo kwenye waya huohuo, kwa kuwa mara nyingi aliyeacha skurubu moja bila kuikaza ameziacha na nyingine vivyo hivyo.